Ule Mfuko wa Geneva Ulikuwa Mtupu

Wacha nianze na aibu yangu kabla sijaenda kwa za watu wengine.

Ile picha mliyoipenda sana, mimi nimesimama Rue du Rhône kule Geneva, koti refu, tabasamu la mtu aliyelipwa, mkononi mfuko wa karatasi wenye jina la duka la saa: mfuko ule ulikuwa mtupu. Si wangu hata. Dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo alikuwa anautumia kubebea chaja na chupa ya maji. Tukatoa chaja, tukatoa chupa, tukapiga picha kama ishirini hivi, kisha tukarudisha chaja na chupa. Lile koti nalo ni la Gikomba. Pengine lilitoka huko huko Ulaya ndani ya robota, nami nikalirudisha kwao likasalimie.

Picha ikapata mioyo kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Ile makala ya karo ya chuo iliyonichukua wiki mbili haikufika hata robo. Niliandika maneno matatu tu: "Geneva imeniweza jamani." Sikudanganya kwa mdomo. Nilidanganya kwa mfuko.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja akaniandikia faraghani. Alikuwa amechukua mkopo wa simu, akaongeza pesa za viazi za mamake, akampa wakala fulani amtafutie viza. Viza ikakataliwa. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Alichokula wakala ni mara nyingi ya hiyo, na sasa wakala hashiki simu. Kijana hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa heshima: "Wewe ulipitia kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumfaa, kwa sababu sikupitia kwa mtu. Nilialikwa. Tiketi, hoteli, chakula cha mchana, vyote vililipwa na waandalizi wa mafunzo. Mfukoni nilikuwa na posho ya siku tano ambayo niliibana kama mtu anayebana pumzi chini ya maji. Hilo sikuwa nimeliandika popote.

Kwa hivyo leo nasema na sisi wenyewe, waunda maudhui wa Kenya tunaozurura na simu mbele ya vioo vya watu. Halafu nitasema na waheshimiwa, maana wao ndio wateja halisi wa vioo hivyo.

Tuanze na mji wenyewe. Ukitoka kituo cha treni cha Cornavin, unashuka Rue du Mont-Blanc mpaka ziwani, unavuka daraja. Mkono wa kushoto kuna ziwa Léman na ule mruko wa maji, Jet d'Eau, unaopanda mpaka mita 140. KICC yetu ina mita 105, kwa hivyo piga picha ya maji yanayoruka juu ya KICC na bado yanaendelea. Lita 500 kila sekunde. Na unajua ulianza vipi? Haukuwa urembo. Mwaka 1886 ulikuwa njia ya kupunguza presha kwenye mitambo ya maji ya mji. Mafundi wakizima mashine zao jioni, presha inazidi, maji yanaachiliwa juu. Watu wakapenda kuyaangalia, na 1891 mruko ukahamishiwa ziwani. Mpaka leo kuuangalia ni bure.

Nyuma ya bustani yenye saa ya maua ndiyo inapita Rue du Rhône. Hapo ndipo sisi wote tunapiga picha. Saa, mikufu, mikoba. Bei zimeandikwa pale pale kwenye kioo, kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Saa moja niliyoiangalia ilikuwa faranga elfu 38. Faranga moja weka shilingi 150 na ushee, halafu piga hesabu mwenyewe. Hiyo si saa, hiyo ni ploti Juja na msingi wa nyumba.

Sasa jambo ambalo video zetu hazionyeshi: wenyeji wengi wa Geneva hawanunui hapo. Wengi hata hawanunui Geneva! Jumamosi asubuhi panda treni ya Léman Express, ile iliyofunguliwa Desemba 2019, uteremke Annemasse upande wa Ufaransa. Ni chini ya nusu saa. Utakutana na familia za Geneva na vitoroli vyao vya magurudumu wakienda kutafuta nyama, jibini na sabuni za bei nafuu. Uswisi yenyewe iliona wananchi wamezidi. Kuanzia Januari 2025 ikashusha thamani ya bidhaa ambazo mtu anaruhusiwa kuingiza bila kodi kutoka faranga 300 hadi 150 kwa siku, na nyama mwisho kilo moja kwa kila mtu. Mtu wa mji tajiri namna ile anahesabu kilo ya nyama mpakani. Wewe na mimi tunakuja na posho ya siku tano tunajifanya hatuhesabu.

Na wale wasiovuka mpaka wako Migros, wako Coop, wako Denner, wanaangalia vibandiko vya bei iliyopunguzwa kama mamako anavyofanya mwisho wa mwezi. Jumatano na Jumamosi wako uwanja wa Plainpalais, kwenye soko la vitu vikuukuu, wanachambua makoti, sahani na viatu. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Gikomba ni Gikomba, hata ukiitia lami na tramu. Jumapili nayo, maduka karibu yote yamefungwa. Ukikosa maziwa, nenda kituo cha treni au uwanja wa ndege. Muuza duka naye ana familia, na mji mzima umekubali kwamba pesa inaweza kungoja hadi Jumatatu.

Hilo la muuza duka ndilo lililoniuma zaidi kuliko bei ya saa. Kikombe cha kahawa nilikunywa kwa faranga 4 na nusu, karibu shilingi 700, nikamlaani mwenye mkahawa kimoyomoyo. Halafu nikajua kwa nini. Septemba 2020 wapiga kura wa Geneva walipitisha kima cha chini cha mshahara cha faranga 23 kwa saa, asilimia 58 wakisema ndiyo, na tangu hapo kimekuwa kikipanda. Walikuwa wamekataa wazo hilo kwenye kura za 2011 na 2014. Kilichobadilika katikati si kitu cha kuonea fahari. Mei 2020, wakati wa korona, watu maelfu walipanga foleni ya zaidi ya kilomita moja nje ya uwanja wa Vernets kungojea mfuko wa chakula: mchele, tambi, mafuta. Walikuwa wafagiaji, yaya, wapishi, wengi wakiwa hawana vibali. Ndiyo, Geneva hiyo hiyo ya mabenki. Mji ukajiona kwenye kioo ukashtuka.

Sasa linganisha. Kibarua wa kawaida Nairobi, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kima chake cha chini kilifika shilingi elfu 16 na ushee. Kwa mwezi. Yule anayefua vikombe Geneva hupata hiyo kabla ya saa ya chakula cha mchana. Najua, kodi ya nyumba kule itammaliza, bima ya afya itammaliza, na hatajenga kwao kwa mshahara huo. Sisemi ni peponi. Ninachosema ni kwamba bei ya kahawa yake ina mshahara wa mtu ndani. Bei zetu zimepanda na hazina mshahara wa mtu ndani.

Na hapa ndipo ninapowageukia waheshimiwa.

Kila Juni, Shirika la Kazi Duniani hufanya mkutano wake mkuu Geneva. Kenya hupeleka wajumbe. Wanakwenda kuzungumzia haki za wafanyakazi katika mji ambao wafua vikombe wake hulipwa faranga 23 na zaidi kwa saa. Wanarudi na nini? Mtu yeyote aliyewahi kusimama pale JKIA akingojea mizigo anajua. Chokoleti, na saa. Tunaambiwa ni ziara ya kujifunza. Sawa, mheshimiwa, umejifunza nini? Kama umejifunza ya Rue du Rhône peke yake, hata mimi na mfuko wangu mtupu tumefika hapo, na sisi hatukutumia kodi ya mtu.

Mnakumbuka Juni 2024. Tulitoka barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, lakini hasira haikutoka kwenye karatasi za mswada peke yake. Ilitoka kwenye mikono. Tuliona saa kwenye mikono ya watu waliotuambia tufunge mikanda. Vijana walikuza picha, wakatafuta bei, wakaweka kando ya bei ya unga. Ilikuwa hesabu rahisi kuliko zote, na hakuna mheshimiwa aliyeijibu vizuri mpaka leo.

Basi wacha niwape kahistoria kadogo ka hizo saa, maana sidhani wanaozivaa wanaijua.

Karne ya 16 Geneva ilikuwa chini ya mafundisho ya John Calvin, mwanateolojia aliyekuja pale akiwa mkimbizi kutoka Ufaransa. Calvin na wenzake hawakutaka mchezo na kujishaua. Vito na mapambo vikapigwa vita. Masonara wakabaki na ufundi mikononi na hawana cha kuuza. Wakati huo huo wakimbizi Waprotestanti walikuwa wanamiminika kutoka Ufaransa, wengine wakiwa na ujuzi wa kutengeneza saa. Saa haikuwa pambo, ilikuwa chombo cha kazi, inakusaidia kuwahi. Masonara wakahamia huko. Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva wakaunda chama chao. Sifa yote ya saa za mji ule ilianza hapo: marufuku ya kujionyesha, na wakimbizi waliofunguliwa mlango.

Soma tena pole pole. Saa ya Geneva ni mtoto wa amri ya kutojionyesha. Leo inavaliwa na mtu anayekunja mkono wa shati makusudi, kanisani, wakati wa kutoa mchango, ili kamera iione. Na kama kanisa lenyewe ni la PCEA, basi kisa kimetimia, kwa sababu Wapresbiteri mizizi yao ni Geneva hiyo hiyo. John Knox, aliyeipeleka imani hiyo Uskoti, aliishi pale miaka ya 1550. Sanamu yake iko kwenye ukuta wa bustani ya Bastions pamoja na ya Calvin, mita tano kwenda juu, wote wamevaa kanzu nzito na nyuso za watu wasiocheka. Nilitafuta saa mikononi mwao. Hakuna.

Nikiwa bado kwa mambo ya pesa: mwaka 2018 Kenya na Uswisi zilitia saini makubaliano kuhusu kurudisha mali iliyopatikana kwa ufisadi. Watu hawatii saini ya kurudisha kitu ambacho hakikwenda. Kwa hivyo tunapoimba "Uswisi ni safi", tukumbuke kwamba usafi wa mji unaweza kulala kitanda kimoja na uchafu wa akaunti. Siwasafishi Waswisi. Mlango ulifunguliwa na wa kwao, mzigo ukabebwa na wa kwetu.

Halafu kuna hii kahawa. Uswisi haina shamba la kahawa. Hali ya hewa haikubali. Lakini kwa thamani, Uswisi huuza nje kahawa kuliko chokoleti, kuliko jibini. Inanunua mbichi, inachoma, inafunga, inatia jina. Na Geneva yenyewe ni mojawapo ya vituo vikubwa vya wafanyabiashara wa mafuta, nafaka na kahawa duniani. Ofisi zao hazina madirisha ya kupigia picha, ndiyo maana hamjawahi kuziona kwenye video zetu. Hata mimi nilizipita tu.

Kwenye rafu ya duka moja nilikuta pakiti ya gramu 250, Kenya AA, faranga 14. Hiyo ni zaidi ya shilingi 8,000 kwa kilo. Mkulima wa Nyeri akilipwa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya matunda mabichi, huo anauita mwaka mzuri, na inataka kilo sita au saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi. Sisemi tofauti yote ni wizi. Kuna meli, kuna uchomaji, kuna kodi, kuna huyo muuza duka wa faranga 23. Lakini hiyo pakiti ndiyo duka la Geneva linalonihusu, na mimi nilipita nayo mkononi dakika moja, nikairudisha, nikaenda kupiga picha na mfuko wa saa. Picha ya pakiti sikupiga. Haikuwa na mng'aro.

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema nina wivu. Ndugu yangu, ningekuwa na wivu ningenyamaza, maana mfuko ulikuwa unanilipa. Wa pili atasema acha watu wafurahie, kwani ni pesa zako? Nakubali. Mtu akipiga kazi, akaweka akiba, akaenda Geneva akanunua saa yake, mimi ni nani? Avae hata mbili. Lakini aliyesafiri kwa pesa ya mwaliko, au ya kaunti, au ya kampuni inayotaka mumuone akifurahia, huyo hatuonyeshi furaha. Anatuuzia tangazo bila kusema ni tangazo. Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema vijana wanahitaji ndoto. Ni kweli. Ila ndoto isiyo na bei iliyoandikwa ndiyo ile ile iliyomfikisha yule kijana kwa wakala.

Nyumba njema si mlango. Tunapiga picha mlangoni halafu tunarudi kuwahadithia watu habari za ndani.

Ndani kulikuwa na nini? Wacha niwaambie nilichokiona bila kulipa, au kwa senti. Ukilala hoteli au hata hosteli, unapewa kadi ya usafiri ya bure kwa siku zote utakazokaa: tramu, basi, treni za mjini, hadi zile boti ndogo za manjano zinazovuka ziwa. Hakuna kondakta wa kukusukuma ndani, ila wakaguzi wapo, na ukishikwa bila tiketi utalipa ukome. Maji ya kunywa yanatoka kwenye chemchemi za barabarani. Yule dada wa mfuko hakununua chupa hata moja siku zote tano. Bafu za Pâquis, pale penye mnara mdogo mweupe ziwani, ni mahali pa umma tangu 1872. Mji ulitaka kubomoa majengo yaliyopo ujenge mengine, wananchi wakadai kura, na 1988 wakashinda. Sasa mwanasheria na mfagiaji wanakaa benchi moja wakila chakula cha siku, nguo za kuogelea bado zimelowa. Sikuona mtu akiangalia saa ya mwenzake.

Huo ndio utajiri niliouonea uchungu. Ufuo wa ziwa ambao haujauzwa. Sisi tuna ziwa kubwa kuliko lao mara nyingi, pale Kisumu, na tuna bahari nzima. Mwulize mtoto wa Mombasa ni njia ngapi za kwenda ufuoni zimefungwa kwa ukuta wa mtu. Hiyo ndiyo ziara ya kujifunza ninayoitaka. Mheshimiwa akirudi kutoka Geneva, asituletee chokoleti. Atufungulie njia ya kwenda majini.

Na sisi wenye simu tufanye mambo matatu tu. Tuseme nani alilipa. Tuseme bei kwa shilingi, na tuseme kama tulinunua au tulitazama. Na tukionyesha kioo cha duka, tuonyeshe pia kituo cha basi. Ukiona hayo yataharibu video yako, basi hiyo video ilikuwa mfuko wangu.

Yule kijana nilimjibu. Nilimwambia ukweli wote, mpaka chaja na chupa. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika: "Afadhali ungesema mapema." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kuongeza.

Picha sijaifuta. Nimebadilisha maneno yaliyo chini yake. Sasa yanasomeka hivi: "Koti la Gikomba. Mfuko wa kuazima, ndani hakuna kitu. Safari ililipwa na wengine. Nilichonunua Geneva: kahawa moja, na chokoleti nne za Migros, kila moja chini ya faranga 3. Viza usichukulie mkopo kwa sababu yangu."

Mioyo imepungua. Sawa tu.